Karatasi ya flashi jukwaani: kuinunua, kuikausha na kuipima ukiwa Mwanza

Karatasi ya flashi huwaka mara moja, hutoa mwali wa manjano na kupotea bila jivu wala moshi wa kuonekana. Wacheza mazingaombwe huitumia kuficha kitu kinachotoweka mkononi. Vikundi vya maigizo huitumia kwa barua inayoteketea mbele ya mfalme, au kwa mganga anayetupa "dawa" hewani. Inapokataa kuwaka vizuri, lawama humwendea muuzaji. Pembezoni mwa Ziwa Victoria, mara nyingi muuzaji hana kosa: karatasi haikukaushwa vya kutosha, au ilikauka kisha ikanywa unyevu wa ziwa ikiwa mezani. Hatari nayo hutokea upande wa pili, kwa mtu aliyezoea karatasi yenye unyevu halafu siku moja akashika iliyokauka kabisa. Ndiyo maana kila pakiti hupimwa upya, hapo hapo itakapotumika.

Ni kitu gani hasa

Ni karatasi ya nitroselulosi, yaani nyuzi za mimea zilizogeuzwa kwa asidi, kitu kilichopata umaarufu baada ya kazi ya mkemia Christian Schönbein mwaka 1846. Filamu za sinema za zamani, kabla ya miaka ya 1950, zilikuwa za ukoo huo huo, na ndizo zilizounguza kumbi nyingi za sinema duniani.

Jambo moja kuhusu nitroselulosi ulishike mapema, kwa sababu maelekezo mengi yaliyo hapa chini yanatokana nalo: oksijeni ya kuwakia imo ndani yake yenyewe. Haihitaji hewa. Ukiifunika kwa kitambaa haizimiki. Ukiiwasha ndani ya chupa, kopo au ngumi iliyofumbwa, gesi yake hukosa pa kutokea na mwali wa kupendeza hugeuka mlipuko. Maji ndiyo yanayoituliza, maana hayaiachi ipate joto la kuwakia.

Usitengeneze nyumbani. Ugumu wake hauko kwenye kuifanya iwake tu; uko kwenye kuiondolea mabaki yote ya asidi baadaye. Mabaki hayo huila karatasi polepole wakati imehifadhiwa, huipasha joto kutoka ndani, na inaweza kuwaka yenyewe usiku kabatini bila mtu kuigusa. Viwanda huosha na kutuliza bidhaa kwa hatua nyingi ambazo beseni la jikoni haliwezi kuzifikia.

Ruhusa kwanza, oda baadaye

Karatasi hii ikiwa na maji ya asilimia 25 au zaidi ya uzito wake husafirishwa kama kitu kigumu kinachoshika moto kirahisi, namba UN 2555 (namba za Umoja wa Mataifa za kutambulisha bidhaa hatari). Maji yakipungua chini ya kiwango hicho, inahesabiwa kuwa baruti, namba UN 0340. Bidhaa moja, sheria mbili, na kinachozitenganisha ni maji tu.

Kwa Tanzania, masuala ya baruti yako chini ya Wizara ya Madini kupitia Tume ya Madini, na kemikali ziko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa hapo Mwanza. Andika barua fupi kwa pande zote mbili kabla ya kulipa chochote. Taja jina la bidhaa (karatasi ya nitroselulosi iliyoloweshwa), namba ya UN, idadi ya karatasi, uzito wa jumla, matumizi, na mahali itakapohifadhiwa. Ambatanisha waraka wa usalama wa bidhaa kutoka kwa muuzaji. Omba jibu la maandishi, kwa kuwa wakala wa forodha atalihitaji, na "niliambiwa kwa simu" haitoi mzigo bandarini wala uwanja wa ndege.

Usimwagize ndugu anayerudi kutoka Uingereza au Dubai akuletee kwenye begi. Karatasi hii hairuhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege, iwe ya mkononi au ya chini. Posta ya kawaida nayo sivyo. Muuzaji anayekuambia ataificha ndani ya kitabu ili ipite ameshakuonyesha jinsi anavyoitunza bidhaa yake, achana naye.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Nunua kwa maduka ya vifaa vya mazingaombwe na ya athari za jukwaani yanayojulikana, yenye anwani na kumbukumbu. Muulize: inatumwa ikiwa imeloweshwa, na kwa asilimia ngapi ya maji? Ilitengenezwa mwezi gani? Karatasi moja ina ukubwa gani? Kuna waraka wa usalama? Atatangaza mzigo kama bidhaa hatari, na pakiti itakuwa na namba ya UN kwa nje? Anayejibu yote bila kuzungukazunguka ndiye wa kununua kwake. Anayetuma ikiwa kavu mkatae hata kama bei yake ni nusu.

Saizi mbili ndizo za kawaida: karatasi kubwa za takriban sentimita 20 kwa 25, na vijitabu vya karatasi ndogo za takriban sentimita 5 kwa 7.5. Kwa kundi la maigizo, chukua kubwa, maana utakata utakavyo. Ipo pia pamba ya flashi na uzi wa flashi, vya asili ile ile. Pamba hutoa mwali mnene zaidi na ni rahisi kukosea kipimo chake, kwa hiyo anza na karatasi.

Kuhusu kiasi, watu hununua kupita mahitaji. Karatasi ya sentimita 20 kwa 25 hutoa vipande 20 vya sentimita 5 kwa 5. Chukua onyesho lenye mwako mmoja, linalochezwa mara nne: vipande 4 vya onyesho, 4 vya akiba, 10 vya mazoezi, na 8 vya kupima. Jumla ni 26, yaani karatasi mbili zatosha na kubaki. Hakuna sababu ya kuweka pakiti ya karatasi hamsini ndani ya nyumba yenye watoto.

Mzigo ukifika

Kama umetoka Dar es Salaam kwa barabara, umesafiri zaidi ya kilomita elfu moja, na buti la basi mchana wa Dodoma na Shinyanga ni tanuri. Usipeleke kama kifurushi cha kawaida. Msafirishaji ajue alichobeba. Fungua kivulini, mbali na jiko na sigara, na uguse karatasi. Inapaswa kuwa baridi na chepechepe kote. Ukikuta kona zimekauka, usianze kuzikunjua. Nyunyizia maji papo hapo, kisha endelea.

Maji ya kutumia ni yaliyochemshwa na kutoneshwa, yanayouzwa vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri. Hapa kuna mtego: kwenye rafu hiyo hiyo huuzwa asidi ya betri, kwenye chupa inayofanana. Soma lebo, kisha chovya karatasi ya litmasi ya bluu kwenye maji yenyewe kabla hayajagusa kitu. Ikigeuka nyekundu kabisa, umeshika asidi. Maji ya bomba na ya ziwa yaache, kwani huacha chumvi na vijidudu vinavyoleta madoa na ukungu.

Sasa pima karatasi. Itazame mbele ya dirisha: iwe nyeupe, yenye unene sawa, bila mabaka. Inuse kwa mbali. Isiwe na harufu kali inayochoma pua. Kisha bandika kipande cha litmasi ya bluu juu ya karatasi iliyo chepechepe, kandamiza kwa kijiti dakika moja, ulinganishe na litmasi uliyochovya kwenye maji matupu. Rangi zikilingana, endelea. Litmasi ya kwenye karatasi ikiwa nyekundu wakati ya maji haikubadilika, karatasi hiyo ina asidi, na hakuna kuikausha wala kuijaribu. Izamishe kwenye ndoo ya maji, ndoo ikae nje kivulini bila mfuniko wa kubana, upige simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114, uombe maelekezo. Fanya hivyo pia kwa karatasi yoyote iliyogeuka njano, inayonata au inayomomonyoka.

Kukata na kukausha

Kata ikiwa chepechepe, kwa mkasi, juu ya meza iliyopanguswa. Karatasi kavu haikatwi. Vipande visivyohitajika leo virudi kwenye mfuko wao na maji.

Kiasi cha kukausha kwa siku moja ni kile kitakachotumika siku hiyo tu. Vipande vitano hadi kumi vyatosha kwa kazi nyingi. Chumba kiwe na hewa inayopita, bila jua la moja kwa moja, bila jiko, bila friji inayonguruma karibu, na mtu asivute sigara humo. Tandika kitambaa safi cha pamba, panga vipande bila kugusana. Vaa nguo za pamba, kwani sintetiki huzalisha cheche ndogo za umeme tuli ambazo ngozi haizihisi lakini karatasi kavu inaweza kuzihisi. Usitumie pasi, mashine ya kukaushia nywele, wala paa la bati la saa saba mchana. Nitroselulosi hushika moto kwenye nyuzi joto zipatazo 160 hadi 170, na pasi ya kawaida hupita hapo bila wewe kujua.

Itachukua muda gani? Mwezi wa saba, hewa ikiwa kavu, saa sita hadi nane. Masika, kati ya Machi na Mei, au kwenye nyumba iliyo karibu na maji kama Kirumba na Capri Point, hesabu usiku mzima, wakati mwingine zaidi. Kugusa kwa kidole kunadanganya. Kinachosema kweli ni mizani, na kwa bahati Mwanza ni mji wa dhahabu: mizani midogo ya kidijitali inayosoma 0.01 ya gramu, ile ya wanunuzi wa dhahabu, hupatikana kirahisi. Kipande kimoja ni chepesi mno kwa mizani hiyo, hivyo pima vipande vyote kumi pamoja juu ya kikaratasi. Andika uzito. Rudia kila baada ya saa mbili. Utauona ukishuka haraka mwanzoni, kisha taratibu. Vipimo viwili mfululizo vikiwa sawa, karatasi imekauka kadiri hewa ya siku hiyo inavyoruhusu.

Maneno hayo ya mwisho ni ya kuzingatia. Karatasi iliyokauka saa nane mchana ukaiacha wazi hadi saa mbili usiku, onyesho likiwa kando ya ziwa, itakuwa imenywa tena unyevu. Ikishafikia uzito wake, iweke kwenye bahasha ya karatasi, bahasha ndani ya kiboksi cha plastiki chenye mfuniko mwepesi. Usitumie kopo la bati wala chupa ya kioo yenye kizibo.

Jaribio la mwako

Fanya nje, kwenye sakafu ya saruji au udongo mtupu, asubuhi kabla upepo wa ziwani haujaanza. Uwe na koleo la chuma lenye urefu wa sentimita 30 hivi, kibiriti cha gesi chenye shingo ndefu, sinia ya bati, ndoo ya maji, miwani ya kinga, na mtu wa pili wa kushika simu. Vipande vingine vyote vikae mita tatu au zaidi nyuma yako, vimefunikwa. Kosa baya kuliko yote katika kazi hii ni kuwasha kimoja huku bahasha ya vingine ikiwa mkono wa pili.

Anza na kipande cha sentimita 2.5 kwa 2.5, bapa, kilichobanwa kona moja kwa koleo juu ya sinia. Washa kona ya pili. Simu irekodi video ya mwendo wa polepole. Nyingi hurekodi fremu 240 kwa sekunde. Hesabu fremu tangu kona ishike moto hadi mwali upotee, ugawe kwa 240. Rudia kwa vipande vitatu: cha pembeni mwa karatasi, cha katikati, na cha karatasi nyingine. Unatafuta mwako wa chini ya sekunde moja, usioacha kaa wala jivu, na vipande vitatu viwe na muda unaokaribiana. Vikipishana mara mbili, pakiti haina usawa, na usawa ndio unaokulinda mbele ya watu.

Yasome matokeo kwenye sinia. Ukingo mweusi uliobaki pale koleo lilipobana ni kawaida, kwa kuwa chuma hunyonya joto. Ukingo mweusi kwenye kona huru maana yake ni unyevu; rudisha vipande kwenye kukaushwa, upime uzito, ujaribu tena. Kama uzito haushuki na bado weusi upo, karatasi haikutengenezwa vizuri. Mstari mwekundu unaotambaa polepole kama wa karatasi ya daftari, ukiacha jivu la kijivu, unaonyesha kuwa umeuziwa karatasi ya kawaida iliyopakwa kitu, au yenye nitroselulosi kidogo mno. Hiyo usiipandishe jukwaani kabisa: hubaki na kaa, na kaa likianguka kwenye pazia halionekani mpaka moshi utoke.

Kisha saizi kamili. Chomeka ardhini, pembeni, fimbo yenye alama kila sentimita 10, uwashe kipande cha 5 kwa 5 kikiwa bapa, halafu kingine kilichofinyangwa kwa ulegevu, kama ua. Kwenye video soma mwali ulifika alama gani. Cha ulegevu huwaka haraka zaidi na kutoa mpira wa moto uliojaa, kwani moto hushika pande nyingi kwa pamoja. Bapa hupanda kama ulimi. Usikibane kuwa gololi ngumu. Gololi huwaka juu, ikaruka ndani bado ikiwaka, na huwezi kujua itaangukia wapi. Urefu mkubwa kuliko wote uliousoma zidisha mara tatu: hapo ndipo uwe umbali mdogo kabisa kutoka mwali hadi uso, nywele, pazia au dari. Watazamaji wawe mbali kuliko hapo, na watoto wasikae mstari wa mbele.

Nguo, nywele na turubai

Sehemu hii hurukwa mara nyingi, nayo ndiyo inayounguza watu. Karatasi yenyewe haikai sekunde moja, lakini sekunde hiyo yatosha kushika kitu kingine. Kata kipande cha nguo halisi itakayovaliwa, kitundike kwenye waya, uwashe kipande cha flashi chini yake kwa umbali uliopima. Kitenge cha pamba kinaweza kubabuka au kushika moto taratibu. Sintetiki huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Rasta na mawigi ya nyuzi za plastiki ni ya kundi hilo, na mafuta ya nywele huongeza mwali. Marashi na kitakasa mikono chenye spiriti kisipakwe nusu saa kabla.

Maonyesho mengi ya harusi na mahafali Mwanza huchezwa chini ya turubai, lililopambwa vitambaa laini vya sintetiki vinavyoning'inia hadi juu ya vichwa. Hapo jibu letu ni hapana, hata kama mwenye shughuli analipa vizuri. Tumia taa na kitambaa cha hariri kinachoruka, watafurahi vilevile.

Uwanja wazi una tatizo lake. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku hugeuka, kwa hiyo upande uliokuwa salama kwenye mazoezi ya saa kumi unaweza kuwa upande wa watazamaji saa tatu usiku. Funga utepe mwepesi kwenye kijiti jukwaani. Ukilala na kutikisika mfululizo, acha mwako huo.

Siku yenyewe

Mwenye ukumbi ajue kwa maandishi, na Zimamoto wa wilaya waulizwe mapema. Jaribu kipande kimoja saa moja kabla, mahali pale pale. Ndoo ya maji na blanketi zito la pamba lililoloweshwa viwe nyuma ya pazia, na mtu mmoja kazi yake iwe kuvitazama tu. Kizima moto cha unga hakitaizima flashi. Kipo kwa ajili ya kitu ambacho flashi imekiwasha.

Mwigizaji avue pete, akunje mikono ya nguo, ashike kipande kwa ukingo, akiguse kwenye moto uliosimama imara na kukiachia juu na mbele, mbali na uso. Kipande kimoja kwa mara moja. Kikigoma kuwaka, kisiguswe tena. Onyesho liendelee, na msaidizi akitie majini.

Mtu akiungua, maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali. Dawa ya meno, asali, mafuta na yai visipakwe.

Kuhifadhi na kuteketeza

Pakiti ikae kwenye mfuko wa plastiki na maji yake, ndani ya boksi la plastiki lenye maandishi makubwa, kivulini, pasipofikiwa na watoto. Isiachwe ndani ya gari. Kila mwezi fungua, gusa, ongeza maji, pima kwa litmasi, andika tarehe kwenye boksi. Ikifikisha mwaka tangu itengenezwe, ipime mwako upya kana kwamba ni mpya.

Vipande vikavu vilivyobaki visirudishwe pakiti moja na vingine, visitupwe jalalani wala ziwani. Viteketeze usiku huo huo, kimoja kimoja, kwa koleo, juu ya udongo mtupu, kisha mwaga maji mahali pote ulipofanyia kazi, pamoja na kitambaa ulichokaushia.